Pole na Haraka: Fikra juu ya Kuoneana Huruma

Wahenga wetu walikuwa na mashaka makubwa juu ya uwezo wa mtu kuyajua maumivu ya mwenziwe. Walisema kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Wakasema tena kwamba adhabu ya kaburi aijuaye ni maiti, na uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Ukizipanga methali hizi pamoja utaona kuwa zote zashuhudia jambo moja: maumivu yana mwenyewe, na mlango wake hufungwa kwa ndani. Anayemwambia mgonjwa, "Najua unavyoumia," huwa amesema zaidi ya ajualo.

Mashaka haya si ya Waswahili peke yao. Mwaka 1759 mwanafalsafa wa Scotland, Adam Smith, ambaye jina lake siku hizi hutajwa zaidi katika mambo ya biashara, alitoa kitabu kizima juu ya hisia za maadili, naye akaanza pale pale walipoanzia wazee wetu. Alieleza kwamba hisi zetu haziwezi kutuvusha nje ya miili yetu, na kwamba ndugu yetu akiteswa ilhali sisi tumestarehe, njia moja tu tunayo ya kumfikia, nayo ni kuwaza tungekuwaje kama tungekuwa mahali pake. Mbele katika kitabu hicho akatoa mfano ambao haujaacha kusumbua wasomaji. Aliwaza nchi ya China yote imemezwa na tetemeko la ardhi, na mtu mmoja wa Ulaya, mwema kabisa, akazipata habari hizo. Mtu huyo atasikitika, atatafakari juu ya udhaifu wa maisha ya binadamu, kisha atarudi kwenye shughuli zake na usiku atalala. Lakini aambiwe kwamba kesho atakatwa kidole chake kidogo, usingizi hautamjia. Smith hakusema kwamba mtu huyo angekubali China iangamie ili kidole kipone; la, alisema dhamiri ingemzuia. Alitaka kuonyesha tu jinsi huruma inavyopungua nguvu umbali unapozidi.

Twakubaliana naye katika ugonjwa, lakini katika dawa tunaona wazee wetu walikwenda njia nyingine. Yeye aliliweka daraja katika fikira. Wao waliliweka miguuni. Baada ya kukiri kwamba kunguni wa kitanda cha mwenzio huwajui, hawakuketi wakatosheka na kukiri huko. Waliondoka wakaenda nyumbani kwake.

Tazama mambo ya msiba. Kilio kikisikika, jirani hangoji kualikwa. Mwanamke huchukua ndoo yake na ukili wake, mwanamume huchukua jembe. Anayefika hatakiwi kuwa na maneno mazuri. Mara nyingi hukaa kimya kwenye jamvi kutwa nzima, na kukaa huko kunahesabiwa. Kaburi huchimbwa na watu wa mtaa kwa zamu. Jeneza halichukuliwi na watu wanne tangu nyumbani hadi makaburini, bali hupita juu ya mabega mengi, kila mmoja akitaka kulitia bega lake japo kwa hatua chache. Kisha watu hulala matanga. Hebu tulipime neno hilo. Mtu mwenye kitanda chake na chandarua chake hukiacha, akaenda kulala chini kwenye jamvi la mfiwa, siku tatu au zaidi. Kitanda cha mwenziwe hakukilalia, wala hakudai kuwajua kunguni wake. Lakini jamvi lake alililalia, na mbu wake walimuuma.

Kwa hiyo kwa wazee wetu huruma haikuwa kwanza hali ya moyo. Ilikuwa kazi, tena kazi yenye vifaa vyake na saa zake. Moyo ulifuata nyuma. Kijana aliyepelekwa msibani na babake akiwa na miaka kumi na miwili pengine hakusikia uchungu wowote siku ya kwanza, alisikia njaa na kuchoka tu. Lakini baada ya misiba mitano au sita alikwisha kujua sauti ya mtu aliyefiwa, na baada ya hapo hakuweza kuisikia njiani akapita. Huruma ilimwingia kwa mlango wa mgongo na magoti.

Lugha yetu nayo imeyahifadhi maarifa haya katika neno dogo ambalo wageni wengi hushindwa kulifasiri, yaani neno "pole". Mgeni hudhani ni kuomba radhi, akashangaa kwa nini apewe pole na mtu asiyemkosea. Amejikwaa yeye mwenyewe, na mchuuzi aliye upande wa pili wa njia humwambia pole. Amerudi kutoka kazini, ameambiwa pole na kazi. Amefiwa, ameugua, amenyeshewa, amebeba mzigo: neno ni lile lile. Na jibu lake kwa watu wa pwani ni "nishapoa," kana kwamba aliyeumia alikuwa ana moto, na salamu ile imempuliza. Lakini neno hilo hilo ndilo tunalolirudia tunapotaka mtu aende taratibu: polepole. Anayekwambia pole amekubali kusimama kidogo. Hatujui kama lugha nyingine zimefunga huruma na utaratibu wa mwendo katika fundo moja namna hii; yetu imefanya hivyo, na baadaye tutaona kuwa haikukosea.

Mwenye kupinga atasema kwamba huruma ya jamvi ni ya jirani na ndugu, je, mgeni? Swali hili ni zito, nasi twaona wazee walilijibu kwa utani. Katika karne ya 19 wapagazi wa Kinyamwezi walishuka kutoka bara na pembe za ndovu hadi pwani, mwendo wa miezi, wakipita katika nchi za watu wasiokuwa wa ukoo wao. Mtu akiugua njiani nani atamlaza? Akifa nani atamzika? Utani uliokuwapo kati ya Wanyamwezi na Wazaramo ulikuwa jibu. Mtani alipewa chakula, alipewa pa kulala, na akifa alizikwa na watani. Makabila mengine yaliyopata kupigana vita yalifunga utani baada ya vita hivyo, wakageuza matusi ya uadui kuwa matusi ya mchezo. Na hata leo, penye msiba ambapo mila hii ingali hai, mtani huingia akamwigiza marehemu jinsi alivyotembea na alivyokohoa, huzuia jeneza njiani mpaka apewe kitu, na wafiwa waliokwisha kaukiwa na machozi hujikuta wanacheka. Twaona kwamba katika mambo yote ya utamaduni wetu yanayostahili kufundishwa mashuleni, utani ni la mbele, nao hufundishwa kama kichekesho.

Lakini tusidanganyane kwamba zamani ilikuwa bustani. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na waliouza na kununua watu pale walijua methali zote tulizozitaja, walisema pole, walikwenda matangani. Huruma yao ilikuwa ya kweli, ila ilikuwa na ukuta, na nje ya ukuta binadamu alikuwa bidhaa. Katika nchi ya Usukuma vikongwe wameuawa kwa kudhaniwa wachawi kwa sababu ya macho yao mekundu, na wekundu ule mara nyingi ulikuwa wa moshi wa kuni na samadi walizopikia maisha yao yote, tena wakiwapikia watu wale wale. Na katika miaka ya 2000 watu wenye ualbino waliwindwa na kukatwa viungo katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, kwa ajili ya biashara ya ushirikina. Hayo hayakuletwa na mashine yoyote. Anayehubiri kwamba tukirudi nyuma tu tutapona, amesahau aliyoyaacha huko nyuma.

Sisi tunaotunga mashairi tumezoea kuyachungulia maneno kwa ndani, na hapa yapo maneno yanayotia haya. Kiswahili humheshimu kila chenye uhai. Hata mbwa na siafu husemwa kwa upatanisho ule ule wa mtu: mbwa huyu, siafu hawa. Hata hivyo majina ya watu waliopungukiwa na kitu mwilini yaliwekwa kwenye ngeli ya vitu: kipofu, kiziwi, kiwete, kilema. Mwanamke mzee tukampa jina la kizee, na tunayemwogopa tukamfanya jitu. Ukisema "mtu", utu umo ndani yake tayari. Ukiondoa kiambishi hicho ukatia kingine, umekwisha kumsogeza mtu hatua moja kuelekea nje ya ukuta. Ndiyo maana tunaunga mkono desturi ya siku hizi ya kusema mtu asiyeona, mtu mwenye ulemavu, mtu mwenye ualbino, ijapokuwa baadhi ya watunzi wenzetu hulalamika kwamba maneno hayo ni marefu na huharibu mizani. Mizani itajitafutia njia.

Basi tukija kwenye maisha ya kisasa, yatupasa tujihadhari tusivilaumu vyombo ovyo. Mathalani redio. Kwa miaka mingi Radio Tanzania Dar es Salaam ilisoma matangazo ya vifo, ikiwataja watoto wa marehemu, nduguze na wakwe zake mmoja mmoja, popote walipo. Fundi aliyekuwa Mtwara alilisikia jina la mjomba wake aliyefariki Tabora, akafunga kazi, akapanda basi. Watu wasiomjua marehemu nao walinyamaza majina yakisomwa, na mtoto aliyecheza kwa kelele alikaripiwa. Hiki kilikuwa chombo cha kisasa kabisa, nacho kiliipeleka huruma mbali kuliko ngoma ya msiba ilivyoweza. Kwa nini? Kwa sababu kilimwita mtu aende. Hakikumwambia kwamba akishasikia imetosha.

Hatari tunayoiona haimo katika chuma wala waya. Imo katika haraka, na katika mazoea ya kushughulika na binadamu bila ya kumwona. Juu ya haraka ushahidi upo. Mwaka 1973 wataalamu wawili wa Marekani, John Darley na Daniel Batson, walichapisha habari za jaribio walilofanya kwa wanafunzi 40 wa chuo cha dini huko Princeton. Kila mwanafunzi aliombwa aende jengo jingine akatoe hotuba. Baadhi yao walipewa mada ya Msamaria Mwema mwenyewe. Njiani alikuwa amewekwa mtu amejikunja mlangoni, anakohoa na kugugumia. Wanafunzi walioambiwa kwamba wanao muda wa kutosha, 63 katika kila 100 walisimama kumsaidia. Walioambiwa kwamba muda umefika, walisimama 45 katika 100. Walioambiwa kwamba wamechelewa na wanangojewa, walisimama 10 tu katika 100. Mada waliyokwenda kuihubiri haikuleta tofauti kubwa. Tusione kwamba vijana wale walikuwa wabaya. Walikuwa wema wenye haraka, nao wamejaa kila mji. Methali isemayo haraka haraka haina baraka tumeizoea kuwatishia wapishi na mafundi. Kumbe ilikuwa inasema habari za moyo pia.

Sasa tuutazame mji wetu mkubwa. Katika sensa ya mwaka 1967 mkoa wa Dar es Salaam haukufika watu 400,000. Katika sensa ya mwaka 2022 ulikuwa na watu zaidi ya milioni 5. Mtu aishiye pembezoni huamka saa kumi alfajiri ili awahi kazini, na hurudi watoto wamelala. Mtu huyo atamjulia hali jirani saa ngapi? Nyumba ya Kariakoo ya zamani ilikuwa na baraza mbele na ukumbi katikati, vyumba huku na huku, na aliyeugua chumba cha tatu alijulikana na chumba cha kwanza kabla ya adhuhuri. Nyumba tunazojenga sasa zina ukuta, na juu ya ukuta vigae vya chupa. Hatuwalaumu wajenzi, wezi wapo. Ila ukuta hauchagui. Humzuia mwizi na humzuia pia anayekuja kusema hodi. Salamu nazo zimekatwa. Zamani uliulizwa habari za nyumbani, za watoto, za mgonjwa wako, za shamba, na mahali fulani katika mlolongo huo sauti yako ingekusaliti, na muulizaji angejua kuna jambo. Siku hizi kijana huulizwa "mambo?" naye hujibu "poa," amekwisha kupoa kabla hajaulizwa kinachomuunguza.

Na msiba wenyewe umebadilika. Tangu huduma za kutuma fedha kwa simu zilipoanza, Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, rambirambi husafiri kwa nukta chache. Twasema kwa haki kabisa kwamba jambo hili limewaokoa wengi. Mjane wa kijijini hupata fedha ya sanda na ya chakula siku ile ile, kutoka kwa mtoto wa dada aliye mbali ambaye nauli ingemshinda. Lakini limezaa pia desturi nyingine. Kundi la simu hufunguliwa, mhazini huteuliwa, orodha huandikwa kila jioni ikionyesha nani ametoa na kiasi gani, na mwisho hufungwa kwa shukrani. Mchimba kaburi amelipwa, mpishi amelipwa, turubai na viti vimekodiwa. Yule aliyetuma fedha huona deni lake limekwisha. Kwa upande wa fedha ni kweli limekwisha. Ila mfiwa hutazama nje usiku wa pili, akaona viti vya kukodi vimepangwa safu kwa safu, vitupu.

Jambo jingine ni picha. Katika ajali ya barabarani siku hizi wapo watu ambao mkono wa kwanza kuinuka ni ule wenye simu. Majeruhi anaombwa atazame huku. Kabla mama yake hajapata habari, maelfu ya watu wamekwisha kumwona mwanawe alivyolala. Tumejiuliza mara nyingi ni nini humpata mpiga picha huyo, kwani si mnyama, naye akifiwa hulia. Twadhani kioo kile kidogo humgeuza mbele yake aliye hai akawa habari, na habari huombi kuisaidia, huisambaza. Hapo umbali aliouzungumza Smith, wa kutoka Ulaya hadi China, umeingia katika urefu wa mkono.

Lakini tuutaje upande wa pili, maana nao ni wa kweli na ni wa siku zetu. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya Precision Air iliyotoka Dar es Salaam ilianguka katika Ziwa Victoria ikikaribia uwanja wa Bukoba, ikiwa na watu 43. Waliofika kwanza walikuwa wavuvi, na mitumbwi yao. Hawakuwa na mavazi ya kupigia mbizi wala mafunzo, na hawakumjua hata mmoja wa waliokuwamo. Watu 19 walifariki na 24 waliokolewa. Picha zilipigwa siku ile pia, zikazunguka nchi nzima, nasi sote tulizitazama. Tofauti ya mvuvi na sisi si kwamba alikuwa na moyo mkubwa zaidi. Alikuwa karibu, alikuwa na mtumbwi, na alikuwa amezoea tangu utoto kwamba chombo kikipinduka majini hungoji kuuliza ni cha nani. Mazoea hayo ndiyo tunayoyaita utu katika makala haya, na ndiyo yanayotutia hofu kuyapoteza.

Je, huruma ina kikomo? Wilaya ya Ngara inaweza kujibu. Mwishoni mwa Aprili 1994, kwa muda wa siku moja hivi, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo wakiikimbia Rwanda. Wanavijiji waliwapokea kwa maji na ndizi. Ahadi ya kwanza ya mwanachama wa TANU ilikuwa juu ya undugu wa binadamu wote, na siku zile iliwekwa mezani pamoja na sufuria. Lakini kambi ilikua ikashinda miji, miti ikakatwa, visima vikakauka, mashamba yakaibiwa, na miongoni mwa waliopokelewa walikuwamo wenye damu ya wenzao mikononi. Ilipofika Desemba 1996 serikali iliamuru warejee kwao, na wengi walirejea bila ya kupenda. Wapo wanaolisimulia jambo hili kama ushahidi kwamba ukarimu wetu ulikuwa porojo. Sisi hatuoni hivyo. Twaona kwamba huruma ya mtu mmoja huchoka kama mguu unavyochoka, na kwamba mwanakijiji wa Ngara aliachiwa kubeba kwa mabega yake machache jeneza lililotaka mabega ya dunia nzima. Nchi hii hii baadaye iliwapa uraia wakimbizi zaidi ya 160,000 waliotoka Burundi mwaka 1972, watu waliokwisha kulima Katumba, Mishamo na Ulyankulu kwa miaka zaidi ya thelathini. Hapo ndipo huruma ilipopata msaidizi wake, nayo ni sheria.

Na kwa kuwa tumeitaja sheria, lipo shauri linalosemwa na watu wenye akili, nalo linastahili kusikilizwa. Wanasema kwamba dola haiendeshwi kwa huruma. Huruma hupendelea, humwona mwenye sura ya kuvutia, humwona wa kabila lake, humwona aliaye kwa sauti, humwacha aliaye kimya. Afadhali kanuni inayowatazama wote kwa jicho moja. Sisi tuliotumikia ofisi za umma kwa miaka mingi twakubali sehemu kubwa ya maneno hayo. Ndugu akija dirishani akahudumiwa kwanza kwa kuwa ni ndugu, hiyo nayo huitwa huruma, na ni dhuluma kwa walio nyuma yake katika foleni.

Hata hivyo fikiria mama mjane anayefuatilia mirathi ya marehemu mumewe. Anadaiwa cheti cha kifo, cheti cha ndoa, barua ya mtendaji, picha, hati ya mahakama. Kila karatasi ina sababu yake, maana matapeli wapo na fedha ni ya watoto. Lakini mama huyo hupelekwa kutoka dirisha hadi dirisha, na katika kila dirisha husimulia upya jinsi mumewe alivyofariki, kwa mtu ambaye macho yake yamo ndani ya jalada, na siku hizi ndani ya kioo cha kompyuta. Katika kila dirisha hufiwa upya. Tumepata kumwona karani mmoja, kijana tu, aliyeinua uso, akasema, "Shikamoo mama, pole sana, karibu uketi," kisha akayaandika yale masimulizi mara moja kwa ukamilifu na kuyaambatisha kwenye jalada ili asiulizwe tena. Hakuruka kanuni hata moja. Hakupunguza karatasi hata moja. Kanuni ilimpa mama haki yake. Karani alimpa njia ya kuifikia akiwa bado ni mtu. Wanaotaka kuchagua kati ya hayo mawili hawajapata kusimama upande wa nje wa dirisha.

Twajua kwamba wengi wanaoyasoma haya ni walimu na wanafunzi wa sekondari, na swali lao litakuwa je, jambo hili laweza kufundishwa? Kwa hotuba, hapana. Wanafunzi wa Princeton walikuwa na hotuba mfukoni. Shaaban Robert alipotaka kumwonyesha mtu aliyekamilika alimpa jina la Utubora, lakini hakumwacha akae na jina hilo tu, bali alimpa jembe na shamba. Vivyo hivyo huruma yafaa ipewe shughuli. Mwalimu mmoja wa shule ya kutwa alitueleza desturi aliyoianzisha darasani mwake. Mwanafunzi asipofika siku tatu, wenzake wawili huenda kwao baada ya masomo, wawili ambao si rafiki zake. Hawaendi kumkamata. Hubisha hodi, husalimia wazee, huuliza kuna kazi gani, huifanya, kisha hurudi.

Mwanzoni wazazi waliwatilia mashaka, wakadhani wametumwa kupeleleza ada. Baadaye wakazoea. Wanafunzi wale hawatakiwi kuandika taarifa, ila mwalimu huwauliza kesho yake asubuhi, na majibu yao huwa mafupi. Mmoja alisema walimkuta mwenzao anamwogesha bibi yake aliyepooza, nao wakamsaidia kumgeuza, na kwamba hakujua mtu mzima anaweza kuwa mwepesi namna ile. Mwingine, kijana mtundu aliyekuwa mstari wa mbele kumcheka mwenziwe kwa kusinzia darasani, alisema tu kwamba kutoka shuleni hadi nyumbani kwa yule ni mwendo wa saa mbili, na njiani kuna mto usio na daraja. Walirudi usiku, viatu mkononi.